Mtambo wa Huruma

Iko nchi moja, jina lake nimekatazwa kulitaja na aliyenikataza bado yuko kazini, ambayo raia wake wana bahati kuliko raia wote niliowahi kusikia habari zao. Kila mwaka inapofika Siku ya Mlezi, yaani siku aliyozaliwa kiongozi wao mpendwa, lango la gereza kuu hufunguliwa na wafungwa waliosamehewa hutoka huku bendi ya polisi ikipiga. Nchi nyingine humngoja mfungwa amalize kifungo chake, tena kwa ubahili mkubwa. Huko wana huruma, na huruma yao si ya kubahatisha: ina wizara, ina waziri, ina fungu la safari za nje, na ina wimbo wake ambao watumishi huuimba asubuhi kabla ya chai.

Zamani wa kusamehewa walichaguliwa kwa kidole. Mkuu wa gereza alipita mbele ya mistari akisema wewe, na wewe, na wewe pale nyuma. Baadaye iligundulika kwamba kidole kile kilikuwa na mashemeji wengi mno, serikali ikaona haya, ikanunua kompyuta kubwa na kuiweka ndani ya gereza lenyewe, katika chumba chenye baridi ya kugonganisha meno. Wakaiita Mtambo wa Huruma.

Ndani ya mtambo huo kuna kanzidata, na katika kanzidata hiyo kila aliye nyuma ya kuta zile ana mstari wake: jina lake, kosa lake, kifungo alichopewa, tabia yake. Ukitaka kujua nani asamehewe, unauliza swali, na swali lenyewe ni masharti tu: nitolee mwenye hiki, na hiki, na hiki. Mtambo unachuja. Anayetimiza yote anatoka, anayekosa hata moja anabaki. Ni jambo rahisi sana, na wakubwa walilipenda kwa sababu hiyo.

Mwanzoni swali lilikuwa na sharti moja, la Mlezi mwenyewe: mtu awe yumo gerezani. Hata wapinzani, ambao katika nchi hiyo hawapo, walikiri kwamba ni sharti la busara. Lakini Spika wa Bunge naye akaona si vizuri akose sharti, akazindua lake: mtu awe hai. Utepe ulikatwa, pilau likaliwa, na kibao cha shaba kikapigiliwa ubavuni mwa mtambo: SHARTI HILI LIMEZINDULIWA NA MHESHIMIWA SPIKA. Baada ya hapo nani angekubali kupitwa? Mkuu wa Majeshi alizindua la uzalendo. Waziri wa Huruma akazindua la kosa: liwe dogo. Wengine wakafuata, mpaka vibao vikaziba matundu ya kupitishia hewa na mtambo ukaanza kutoa joto kama jiko la chapati.

Kuondoa sharti hakukuwa na mjadala. Mwenye sharti yu hai, anakula, anapokea salamu za vijana wa chipukizi, halafu wewe umwondolee sharti lake? Ni sawa na kumbomolea mtu nyumba akiwa amelala ndani.

Tena masharti yote yaliunganishwa kwa "na". Chama kinachotawala, ambacho jina lake ni Umoja, kilikwisha kupitisha azimio kwamba neno "au" lisitumike ndani ya mtambo wowote wa serikali, kwa kuwa neno hilo humtia mtu mawazo ya kuchagua. Mafundi walisaini kwamba wamelielewa azimio hilo.

Basi mwaka hata mwaka waliotoka wakapungua. Magazeti yalieleza kwamba huruma inazidi kukomaa. Hatimaye ukafika mwaka ninaousimulia. Siku chache kabla ya sherehe mtambo uliulizwa swali, ukanguruma, ukajibu kwa adabu zote: HAKUNA ALIYEPATIKANA.

* * *

Fundi aliyeitwa kutafuta hitilafu alikuwa mwanamke, Nyamizi binti Kapama, mtumishi wa Mamlaka ya Maji. Mamlaka hiyo haikuwa na maji, ila ilikuwa na kanzidata ya mita za maji iliyosifika mpaka nchi jirani. Nyamizi ndiye aliyeitunza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na uchache huo haukuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Ulianza tangu kaka yake alipochukuliwa.

Kaka yake, Shija, alikuwa mchoraji wa mabango. Alipewa kazi ya kuchora sura ya Mlezi kwenye ukuta wa soko. Alichora vizuri, watu wakasifu, lakini alipofika sikio la kushoto rangi ikamwishia, akaenda nyumbani kula akitumaini kurudi na kopo jingine. Alikutwa mezani. Wakamwambia ni mahojiano mafupi tu, na tangu hapo mwaka wa kwanza ukapita na wa pili ulikuwa unaelekea kuisha. Hakuwahi kufikishwa mahakamani, kwa sababu wakubwa hawakupatana juu ya kosa. Mmoja alisema ni matusi, mwingine akasema ni hujuma, wa tatu akashikilia kwamba ni wizi wa sikio.

Gari la wizara lilipokuja kumchukua Nyamizi, mama yake alidhani naye anachukuliwa, kisha alipoelewa binti yake anaitwa kufanya nini, akaketi chini mlangoni na kuanza kulia kwa matumaini.

"Ni Mungu huyo, mwanangu," alisema. "Amekuingiza jikoni kabisa. Usiende kuwa na mdomo huko. Fanya watakalo, lolote, mradi mwenzio atoke."

"Nitafanya, Mama."

"Lolote, Nyamizi."

"Nimesikia, Mama."

* * *

Katika chumba cha mtambo alimkuta Waziri wa Huruma, Mheshimiwa Dokta Anatoli Mkombola, amevaa koti zito la baridi, pamoja na Mkurugenzi wa Mtambo, Bwana Ruhinda, mwanamume mwembamba ambaye aliitikia "naam" hata pale ambapo hakuulizwa kitu.

"Binti," Waziri alisema, "taifa zima linakutazama. Mlezi atafika langoni kesho. Bendi imekwisha fanya mazoezi. Kinachokosekana ni watu tu. Tupatie watu."

Nyamizi alieleza njia yake. Swali likirudi bure huliachi na masharti yake yote ukabaki kulikodolea macho. Unayaweka masharti kando, unauliza kavu, kisha unayarudisha moja moja huku ukitazama hesabu inavyoshuka. Itakapoanguka hadi sifuri, sharti ulilorudisha punde ndilo lenye matata.

"Unayaweka kando?" Mkurugenzi alidakia. "Kando wapi?"

"Palepale, Mkurugenzi. Nayafunga tu mtambo usiyasome kwa dakika chache."

"Sharti la Spika lisisomwe! Na unalisema hilo umekaa!"

Mashauriano yalifanyika nje ya mlango. Waliporudi walikuwa na Afisa Itifaki aliyevaa glavu nyeupe, na utaratibu ukawekwa. Kila Nyamizi alipotaka kufunga sharti, Afisa Itifaki alisimama wima akatangaza: "Sharti la Mheshimiwa Spika linapumzishwa kwa muda, kwa heshima zote na bila kuathiri hadhi yake." Wote waliinuka. Waziri alivua kofia. Kisha Nyamizi alibonyeza kitufe, wakakaa, wakangoja sharti lililofuata. Kazi ya robo saa ilikula asubuhi yote.

Lilipobaki sharti la Mlezi peke yake, mtambo ulitaja watu zaidi ya elfu ishirini. Waziri alishtuka.

"Wote hao wako ndani? Mbona nchi yetu ni ndogo?"

"Tumeitumia vizuri, Mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi.

Wakaanza kurudisha. Sharti la kuwa hai lilipunguza watu kiasi ambacho Mkurugenzi aliomba kisiandikwe. La uzalendo halikupunguza mtu, maana mtambo humhesabu kila mtu mzalendo mpaka iandikwe vinginevyo. La tabia njema nalo lilikuwa hivyohivyo. La kosa dogo lilipunguza sana, wakabaki elfu chache. Lililosalia lilikuwa sharti jipya kuliko yote, lililozinduliwa mwaka uleule kwa fataki: sharti la Mama Mlezi, mke wa kiongozi. Siku ile Mama alisema kwenye hotuba kwamba huruma ni kitu safi na haifai kumwagwa kwa watu wachafu. Alitaka watoke watu wasio na doa. Kwa hiyo sharti lake lilikuwa kwamba anayesamehewa asiwe na kifungo chochote katika kumbukumbu zake.

Afisa Itifaki alitangaza kurejea kwa sharti. Nyamizi akalifungua. Sifuri.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuelewa.

"Mheshimiwa," Nyamizi alisema polepole, "tunatafuta mtu aliyefungwa ambaye hajafungwa."

"Vizuri. Yuko wapi?"

"Sidhani kama yupo, Mheshimiwa."

Waziri alimtazama kwa huzuni ya mzazi. "Binti, Mama Mlezi amesema yupo. Sasa wewe na Mama Mlezi, nani amekosea?"

Mkurugenzi alisogea hatua mbili mbali na kiti cha Nyamizi.

* * *

Na hapa inanibidi niseme ukweli unaomsifu Mama Mlezi: hakuwa amekosea.

Nyamizi, kwa kukosa la kufanya, aliuliza upya kwa masharti mawili tu, la Mlezi na la Mama Mlezi: aliye gerezani, na hana kifungo katika kumbukumbu. Alitegemea sifuri nyingine. Mtambo ukanguruma, ukaleta maelfu. Majina yalishuka kwenye kioo yakishuka tu, na mbele ya kila jina, pale penye kifungo, palikuwa patupu. Pale penye kosa napo palikuwa patupu.

Walikuwa watu wa mahojiano mafupi.

Aliandika jina moja, na mstari mmoja ukabaki kwenye kioo. Shija Kapama. Yumo. Hai. Mzalendo. Tabia: njema. Kosa, hakuna kitu. Kifungo, hakuna kitu. Alipoona neno "hai" machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kumwambia habari hiyo tangu kaka yake achukuliwe.

"Unalia nini?" Waziri aliuliza.

"Baridi, Mheshimiwa."

Waziri alikuwa mwenye furaha mno kuchunguza zaidi. "Nilisema! Mama amesema wapo na wapo! Sasa mbona hawatoki?"

Nyamizi alieleza. Watu hawa wanatimiza sharti la Mama Mlezi, na kwa kweli ndio pekee wanaolitimiza. Wanaanguka kwenye sharti la kosa. Ukiuuliza mtambo, je, kosa la huyu ni dogo, unatazama nafasi tupu, unasema haujui. Ukiugeuzia swali, je, kosa lake ni kubwa, unasema vilevile haujui. Mtambo haubahatishi. Usichokijua unakiacha nje, kwa hiyo mwenye nafasi tupu hatoki kwa swali hili wala kwa kinyume chake. Anaweza kukaa humo mpaka mtambo wenyewe uote kutu.

"Subiri," alisema Waziri. "Asiye na kosa anafanya nini gerezani?"

Afisa Itifaki alitazama glavu zake.

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu, "si kwamba hana kosa. Kosa lake bado linatafutwa."

"Aa. Na tukimsamehe kabla halijapatikana?"

"Hapo, Mheshimiwa, tutakuwa tumesamehe nini?"

Wakubwa hao wawili walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwa jinsi hoja ilivyokuwa imenyooka.

* * *

Nyamizi aliona njia, na njia ilikuwa fupi ajabu. Alisahau onyo la mama yake kuhusu mdomo.

"Mheshimiwa, neno moja tu linatosha. Sharti lako libaki kama lilivyo, hatuliondoi. Tuandike: kosa lake liwe dogo, au nafasi ya kosa iwe tupu. Wote hawa watatoka leo hii."

Alipotamka "au", Mkurugenzi aliziba masikio. Afisa Itifaki alikwenda kufunga mlango.

"Binti," Waziri alisema kwa sauti ya chini, "unajua ulichokisema?"

"Ni neno la kuunganishia tu, Mheshimiwa."

"La kuunganishia! Leo 'au' moja kwenye kosa. Kesho mtu aje atake 'au' kwenye uzalendo. Keshokutwa tutaambiwa Mlezi huyu, au mwingine. Unataka kutuletea uchaguzi humu ndani ya kompyuta?"

"Basi, Mheshimiwa, tuulize mara mbili. Swali moja la wenye kosa dogo, na jingine la wenye nafasi tupu."

"Mlezi hasemi mara mbili. Msamaha ni mmoja, swali ni moja."

"Tuliondoe basi sharti la kosa, kwa kuwa ni lako mwenyewe na uko hapa..."

Hakumaliza. Waziri alikuwa amegeuka kutazama kibao chake cha shaba, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti, na Nyamizi akaelewa kwamba mlango huo umefungwa.

Mkurugenzi Ruhinda ndiye aliyeokoa jahazi, na tangu hapo amekuwa akisimulia jambo hilo kwenye semina. "Mheshimiwa," alisema, "kama tatizo ni utupu, kwa nini tusiujaze? Masharti yabaki yote. Tuwape hawa watu kosa. Dogo."

Waziri alimkumbatia.

Kitabu cha makosa kililetwa. Kosa dogo kuliko yote lilikuwa kuchelewa kupiga makofi. Nyamizi alilitazama muda mrefu. Shija hakuwahi kuchelewa kupiga makofi. Alikuwa mtu wa kupiga makofi mapema hata kwenye harusi, kabla bibi harusi hajaingia. Sasa dada yake aandike, kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo serikali nzima ilikuwa imeshindwa kuliandika kwa karibu miaka miwili. Moyo ulimkataa. Halafu akilini alimwona mama yake ameketi mlangoni, akasikia neno "lolote", akawaza kwamba kosa la kesho kusamehewa ni kosa la jina tu. Aliandika amri moja: kila penye utupu wa kosa, pajazwe hilo. Akabonyeza.

Aliuliza swali upya likiwa na masharti yote, na Afisa Itifaki akasimama kwa kila moja. Mtambo ukaleta maelfu ya majina, na Shija Kapama alikuwemo. Waziri alicheza, jamani, alicheza na koti lake zito, na Mkurugenzi akampigia makofi ya mapigo. Nyamizi aliletewa soda. Akaruhusiwa kumpigia simu mama yake.

"Mama, kesho njoo langoni mapema," alisema. "Anatoka."

Kilichosikika upande wa pili kilikuwa vigelegele, kisha simu kuanguka, kisha vigelegele tena kutoka mbali.

* * *

Asubuhi ya Siku ya Mlezi watu walijaa mbele ya lango la gereza. Kioo kikubwa kilikuwa kimetundikwa juu ya lango na kuunganishwa na mtambo moja kwa moja, ili wananchi waone wenyewe kwamba hakuna kidole. Ndani, katika chumba cha baridi, Waziri aliomba swali liulizwe mara ya mwisho kabla kioo hakijawashwa, kwa kujiridhisha tu.

HAKUNA ALIYEPATIKANA.

Nyamizi aliuliza tena. Jibu lilikuwa lilelile. Akaandika jina la kaka yake, na mstari ukaja. Kosa: kuchelewa kupiga makofi. Kifungo: miaka minne.

"Kifungo kimetoka wapi?" aliuliza, na hakumwita mtu cheo chochote. "Nani amempa kifungo?"

Mkurugenzi alikuna shingo. "Mtambo wenyewe. Kila alfajiri hupitia makosa mapya na kuyapangia vifungo. Ni mtambo wenye bidii sana. Ukiupa kosa, haulali nalo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza habari za swali."

"Na hii miaka minne inahesabiwa tangu lini?"

"Tangu alfajiri ya leo."

"Amekaa humu karibu miaka miwili!"

"Ile haikuwa kifungo, binti. Ile ilikuwa kusubiri."

Sasa walikuwa na vifungo katika kumbukumbu, wote, maelfu yale. Wamepata kosa dogo, wamepata na doa, na sharti la Mama Mlezi limewatupa nje. Nyamizi alijaribu kufuta alichoandika. Mtambo ukamjibu kwamba kosa lililokwisha pangiwa kifungo hufutwa kwa msamaha peke yake. Na msamaha huombwa kwa swali. Na swali alikuwa analijua vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikaa mbele ya kioo akihisi kuta zinamsogelea, na alijichukia kwa namna ambayo sina maneno ya kuieleza. Usiku wa kuamkia siku hiyo kaka yake alilala akiwa mtu asiye na kifungo, akaamka mfungwa, na aliyemfanya hivyo alikuwa amenyonyeshwa titi moja naye.

Nje bendi ilikuwa imeanza kupiga nyimbo za kumkaribisha Mlezi.

"Binti huyu hatoki humu," Waziri alipiga kelele, "mpaka swali lijibu!"

Lakini ile ni nchi ya sheria. Mkurugenzi alikumbusha kwamba hakuna anayefungiwa mlango ndani ya gereza bila kuingizwa kwenye mtambo. Waziri alikuwa amekemewa tayari na walinzi wa Mlezi kwa kutofuata taratibu, akasema basi aingizwe upesi. Askari akaitwa. Aliuliza kosa, maana tangu jana mtu haandikwi tupu. Waziri akafikiri kidogo. "Kuchelewesha furaha ya taifa."

"Kubwa au dogo, Mheshimiwa?" askari aliuliza, akajishika mdomo kwa lile neno la katikati.

"Dogo. Mradi alimalize haraka."

Askari aliandika, akafunga mlango kwa nje. Nyamizi alibaki ndani peke yake na baridi. Kidogo tu, sauti ya Mkurugenzi ikasikika kutoka chumba cha pili akisema kwamba Mlezi amekwisha shuka kwenye gari, kwamba kioo cha nje lazima kiwashwe sasa, na kwamba yeye hana la kufanya ila kubonyeza na kumwachia Mungu. Akabonyeza.

Mtambo ukanguruma. Ukatafuta aliye gerezani, na yu hai, na ni mzalendo, na ana tabia njema, na kosa lake ni dogo, na hana kifungo chochote katika kumbukumbu zake kwa kuwa alfajiri ya kupangiwa bado haijafika. Juu ya lango, mbele ya umati na mabalozi, kioo kikaandika: AMEPATIKANA MMOJA. NYAMIZI KAPAMA.

Vifijo vilipenya hadi kwenye chumba cha baridi.

Mlango ulifunguliwa kwa kasi. Waziri aliingia akilia kwa furaha, akamshika mikono yote miwili. "Binti, umetuokoa! Twende, twende, Mlezi anangoja!"

"Mheshimiwa, niacheni humu." Nyamizi alishikilia kingo za meza. "Nakuomba. Nibakizeni leo tu. Nikikaa na huu mtambo nitapata njia. Nitamtoa yule mtu. Ni kaka yangu, Mheshimiwa, ni mimi niliyemwandika."

"Aliyesamehewa hagusi tena mtambo wa serikali," Mkurugenzi alisema. "Kanuni."

"Basi msinisamehe!"

Waziri alicheka kwa upole. Katika utumishi wake wote alikuwa hajapata kusikia mtu mnyenyekevu kiasi hicho. Askari wawili waliinua vidole vya Nyamizi kimoja kimoja kutoka mezani, wakamtembeza kwenye korido ndefu, na Afisa Itifaki akatangulia akitangaza njia.

* * *

Lango lilifunguliwa. Bendi ilipiga, njiwa walirushwa, Mlezi alipunga mkono. Waziri alisoma hotuba, na takwimu zake zilinukuliwa na magazeti yote: mwaka ule, kwa mara ya kwanza katika historia, asilimia mia moja ya waliotimiza masharti walisamehewa, na asilimia mia moja ya waliosamehewa walikuwa wanawake. Nyamizi alisimama kwenye zulia akivishwa shada la maua. Aliambiwa ashukuru kwenye kipaza sauti. Alifungua mdomo, hakuna kilichotoka, na mtangazaji akaeleza kwamba amezidiwa na furaha.

Mama yake alikuwa amefika tangu kabla ya jua. Alipenya katikati ya watu kwa viwiko, akawapita askari ambao siku hiyo walikuwa wameamriwa kutabasamu, akamfikia binti yake mwishoni mwa zulia. Hakuwa amesoma maandishi ya juu ya lango, kwa kuwa hakujua kusoma. Alimwona Nyamizi ametokea kwa ndani na akachukulia kwamba ametangulia tu.

Alimkumbatia kwa mkono mmoja, harakaharaka, huku macho yake yakiangalia nyuma ya bega lake.

"Yuko nyuma yako?"

"Mama..."

"Amekonda sana? Usinifiche. Nimejiandaa."

"Mama, nisikilize. Kosa lake nimeliandika mimi."

Bendi ilikuwa imefika pale penye ngoma kubwa. Askari walikuwa wanavuta mbao mbili za lango, moja huku na nyingine kule, na nafasi iliyobaki katikati yake ilikuwa inapungua. Mama hakusikia. Alimshika Nyamizi begani, akamsukuma taratibu pembeni.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema. "Unaniziba, sioni wanaotoka."